Maumivu Kwanza, Uamuzi Baadaye: Kumsaidia Kijana wa Eastlands Anapozidiwa

Msukosuko wa moyo haumjii kijana wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ukiwa peke yake. Huja umeandamana na uamuzi ambao kila mtu aliye karibu naye anataka ufanywe leo: arudie mtihani au aingie mjengo, alee mimba kwao au ahamie kwa kijana aliyempa, akubali tiketi ya kwenda Saudia au abaki kufua nguo za watu, ahame mtaa kabla deni halijamfikia mamake au akae akabiliane nalo. Maumivu na uamuzi vikiachwa viendeshane, kijana huamua vibaya kwa sababu anaumia, kisha huumia zaidi kwa sababu ameamua vibaya. Msaada wa maana, uwe umetoka kwa mzazi, jirani, kocha, mchungaji au muuguzi, ni ule unaovitenganisha. Maumivu yasikilizwe kwanza, uamuzi upewe muda wake, na mwenye kuamua abaki kuwa kijana mwenyewe.

Tarehe 9 Januari 2025 inaonyesha jinsi mambo hayo yanavyokutana. Siku hiyo Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alitangaza matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya mwaka 2024. Watahiniwa walikuwa 962,512, na waliopata C+ kwenda juu, alama inayofungua mlango wa chuo kikuu, walikuwa 246,391. Waliobaki, zaidi ya laki saba, waliamka kesho yake wakijiuliza watafanya nini na maisha yao. Siku hiyohiyo, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Kanuni hiyo ilianza kutumika mwaka 1930, enzi za ukoloni, na chini ya kifungu hicho mtu aliyenusurika angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Uingereza, ambako sheria ya namna hiyo ilitoka, iliifuta kwake mwaka 1961. Ghana iliifuta 2023.

Uamuzi huo wa mahakama ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwa mtu asiyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali usiku akiwa na siri ya aina hiyo. Kabla ya hapo, mama aliyemkimbiza mwanawe kwa daktari saa tisa za usiku alilazimika kupima maneno. Akisema ukweli, aliogopa polisi. Akisema kijana alimeza vidonge kimakosa, kijana alitibiwa tumbo na kurudishwa kulekule alikotoka, bila mtu kumuuliza kilichomsibu. Sheria imebadilika, lakini mazoea ya kuficha bado yapo, na kwa sasa ndiyo yanayoua.

Mazoea hayo yana mizizi hata katika namna watu wanavyoishi. Kaloleni, Makongeni, Maringo, Bahati na Jericho zilijengwa kuwa makazi ya wafanyakazi, na baadhi ya mitaa hiyo ya kale ilipewa kumbi za kijamii. Ukumbi wa Kaloleni ulikuwa jukwaa la wanasiasa waliopigania uhuru. Miaka ya 1970 zikaja Umoja kwa fedha za Marekani, Dandora kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Buruburu ya wenye mishahara. Baada ya hapo, ujenzi mwingi uliachiwa watu binafsi. Huruma, Kayole, Umoja Innercore na Pipeline zikajaa ploti za ghorofa nyingi: vyumba vimepangwa kwenye kibaraza kirefu chenye giza, choo na mfereji ni vya wote, na ndani ya chumba kimoja pazia ndilo linalotenga kitanda cha wazazi na kochi analolala kijana. Hakuna pembe ya kulilia. Anayetaka kuongea na simu bila kusikika hupanda hadi juu kabisa, kwenye paa, akasimama katikati ya nguo zilizoanikwa na matangi ya maji. Majirani wanasikia ugomvi wa kila nyumba, na kwa heshima hujifanya hawajasikia. Heshima hiyo inafanya watu wengi waweze kuishi pamoja kwa amani, lakini pia inamwacha kijana aliyezidiwa akiwa mpweke katikati ya watu mia mbili.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, ulioongozwa na APHRC, kituo cha utafiti chenye makao Nairobi ambacho kwa miaka mingi kimefuatilia maisha ya wakazi wa Korogocho na Viwandani, ulionyesha mwaka 2022 kuwa asilimia 44.3 walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Waliofikia vigezo vya ugonjwa walikuwa asilimia 12.2. Tofauti kati ya takwimu hizo mbili inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndimo kazi kubwa ilimo. Wengi wa vijana wanaoteseka hawahitaji daktari wa akili. Wanahitaji mtu mzima mmoja mwenye akili timamu na muda wa kuwasikiliza, kabla hali haijafika hospitali. Nao wachache waliofikia ugonjwa wanahitaji mtu huyohuyo awashike mkono hadi kwa daktari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kila mwaka duniani kwa kujiua, na kati ya watu wa miaka 15 hadi 29 hiki ni chanzo cha tatu cha vifo.

Mzigo wenyewe una sura nyingi. Kuna aliyeanguka mtihani ilhali ukoo mzima ulichangia karo. Kuna msichana aliyegundua ana mimba na aliyempa amezima simu. Kuna aliyekopa kwa simu ili alipe kodi, akaweka pesa hizo kwenye Aviator, mchezo wa kamari wa mtandaoni, akitumaini zitazaa, zikaisha kabla giza halijaingia. Kwa vijana wa kiume kuna shinikizo la kuonekana wameweza. Mwanaanthropolojia Mario Schmidt aliishi na kuchunguza wanaume waliohamia Pipeline kutoka mashambani, na kitabu chake kilichotoka 2024 kinaeleza jinsi matarajio ya kufaulu kimaisha yanavyowaelemea mbele ya wake, wazazi na marafiki. Kwao neno la kila siku ni “jikaze”. Wasichana huambiwa “vumilia”. Maneno yote mawili hutoka kwa watu wanaowapenda, na yote mawili hufunga mdomo.

Juu ya hayo kuna msiba usiozungumzwa. Katika Mathare, Dandora, Kayole na kwingineko, wapo vijana wa miaka ishirini waliokwisha kuwazika marafiki kadhaa waliopigwa risasi na polisi. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilitoa ripoti kuhusu mauaji ya namna hiyo mwaka 2017, na maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, Juni na Julai 2024, yakaongeza makaburi mapya. Kijana aliyeshuhudia mwenzake akianguka hurudi maskani siku ya tatu, akacheka na wengine, na watu wakaona amepona. Hapati usingizi. Anaanza kuamua mambo makubwa kana kwamba hakuna mwaka ujao, kwa sababu kweli haoni kama upo.

Familia inapotambua kwamba mambo yameharibika, hatua ya kawaida ni kumkalisha chini. Wajomba wanakuja kutoka Donholm na Komarock Jumapili alasiri, chai na mkate vinawekwa mezani, kijana anapewa stuli karibu na mlango. Kila mzee anasema lake. Mmoja anakumbusha jinsi yeye alivyolala njaa Shauri Moyo na bado akafika alipofika. Mwingine ameshapanga: kuna nafasi ya kazi kwa rafiki yake Kariobangi, kijana aanze kesho. Shangazi anapendekeza apelekwe ushago akatulie. Dua inaombwa, kikao kinakwisha, na kijana hajaulizwa swali hata moja ambalo jibu lake halikuwa “ndiyo” au “nimekosa”. Wote waliokuja walitoa nauli na siku yao ya mapumziko kwa sababu wanamjali. Lakini kikao cha namna hiyo kinachanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa: kinaamua kabla hakijasikiliza, na kinaamua kwa niaba ya mtu ambaye ndiye atakayeishi na uamuzi huo.

Njia inayofaa huanza na mtu mmoja. Awe yule ambaye kijana hamwogopi, na si lazima awe mzazi. Mara nyingi ni mama mdogo, kaka wa jirani, au shosho. Mazungumzo yafanyike mahali pasipo na masikio, na kwa kuwa ndani ya nyumba hapapatikani, kutembea pamoja kunafaa kuliko kuketi. Kutoka Jericho hadi Burma kwa miguu ni muda wa kutosha mtu kusema alichokuwa ameshindwa kusema mwezi mzima, na vijana, hasa wa kiume, huongea kwa urahisi zaidi wanapotazama njia kuliko wanapotazamwa usoni. Shirika la Afya Duniani na wenzake, katika mwongozo wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia, waliufupisha wajibu wa msaidizi kuwa mambo matatu: kuangalia, kusikiliza, kuunganisha. Kuhukumu hakumo, wala kutatua.

Kusikiliza kuna ufundi wake. Kijana akisema, “Auntie, nimechoka na hii maisha,” jibu linalotoka haraka ni “Usiseme hivyo, Mungu atakasirika,” au “Wewe umechoka na nini na hata kodi hulipi?” Yote mawili humaliza mazungumzo. Jibu linaloyafungua ni swali: umechoka tangu lini, nini kilitokea, usiku inakuwaje? Na ikiwa maneno au mwenendo unatia shaka, yaani kijana anagawa vitu vyake, anaaga watu bila sababu, anasema wenzake wangekuwa heri bila yeye, au ametulia ghafla baada ya wiki za mahangaiko, basi aulizwe waziwazi: “Unafikiria kujiua?” Watu wengi huliogopa swali hilo wakidhani litampa wazo. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali hazijaonyesha hivyo. Aliyekuwa na wazo hilo tayari, mara nyingi hupata nafuu anapogundua kuwa kuna mtu anayeweza kulisikia bila kupiga mayowe.

Jibu likiwa ndiyo, mpangilio unabadilika. Kijana asiachwe peke yake usiku huo, hata akisisitiza kuwa yuko sawa. Dawa za kuua wadudu na panya, vidonge na vitu vingine vya hatari viondolewe chumbani bila makelele. Asiahidiwe siri. Msaidizi aseme wazi tangu mwanzo kwamba mengine yote yatabaki kati yao, lakini jambo la kuhatarisha maisha litamfikia mtu mwingine anayeweza kusaidia, na kijana ashirikishwe kuchagua mtu huyo ni nani. Kisha waende hospitali. Mama Lucy Kibaki iko karibu kwa wakazi wa Umoja, Kayole, Komarock na mitaa ya jirani. Hospitali ya Mathari iko Thika Road.

Jina la Mathari linahitaji kuzungumziwa, kwa sababu limezuia wengi. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1910 kama makao ya wale walioitwa wendawazimu, na kwa miaka mingi jina lake limekuwa tusi la mitaani. Mtoto wa Eastlands anakua akisikia “huyu apelekwe Mathari” kila mtu anapofanya jambo la ajabu. Matokeo yake ni kwamba familia humpeleka mgonjwa kwa maombi ya usiku kucha, kisha kwa mganga, kisha ushago, na hospitalini mwisho kabisa, hali ikiwa mbaya. Leo Mathari ni hospitali ya kitaifa ya rufaa na mafunzo, na mgonjwa anaweza kufika, akaonwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la dharura la kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikafanyiwa marekebisho yaliyozipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo. Kwa hiyo mkazi wa Kayole anayeuliza kwenye zahanati ya kaunti ni nani anashughulikia mambo ya akili haombi hisani.

Dhoruba ikitulia, uamuzi unarudi mezani, na hapo ndipo wasaidizi wengi huharakisha tena. Jambo la kwanza ni kutenga yenye tarehe na yasiyo na tarehe. Maombi ya kujiunga na chuo yana siku ya mwisho. Mimba ina majuma yake na kliniki yake. Kesi iliyo mahakama ya Makadara ina siku ya kutajwa. Lakini kuacha shule kabisa, kuolewa, kuhama nyumbani, kupanda ndege au kuuza kiwanja cha marehemu baba, mambo hayo yanaweza kungoja wiki tatu, na yeyote anayesema hayawezi anafaa kuulizwa ana haraka ya nini. Mtu asiyelala na asiyekula asifanye uamuzi usiorudishika. Kanuni hiyo moja, ikifuatwa katika kila ploti, ingezuia majuto mengi.

Jambo la pili ni habari sahihi, kwa kuwa nusu ya hofu ya kijana hutokana na kutojua. Aliyepata D katika KCSE huambiwa kuwa amekwisha, na yeye huamini. Ukweli ni kwamba shahada huhitaji C+, stashahada C-, cheti cha ufundi D, na kozi za fundi wa ngazi ya kwanza humpokea hata mwenye E. Mtihani wenyewe unaweza kurudiwa kama mtahiniwa wa kibinafsi. Msichana mwenye mimba huambiwa masomo yamefungwa, ilhali miongozo ya Wizara ya Elimu ya mwaka 2020 inamruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua. Anayetishwa na wakopeshaji wa simu kwamba watampigia kila mtu aliye kwenye simu yake hajui kuwa kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza kufanya hivyo, na kwamba anaweza kulalamika. Anayeambiwa na ajenti atie sahihi leo kwa sababu ndege ya Riyadh ni kesho, anaweza kwenda kwanza katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kuuliza kama kampuni hiyo ina leseni, kisha akasoma mkataba akiwa na mtu mwingine kando yake. Msaidizi hahitaji kuyajua yote hayo kwa kichwa. Anahitaji kujua pa kuuliza, na kuwa tayari kwenda pamoja na kijana kuuliza.

Yapo maamuzi ambayo habari peke yake haiyatoshi. Kijana anayetaka kujitoa katika kundi la wahalifu haambiwi tu “achana nao”. Wenzake wanajua kwao, na polisi wanajua sura yake. Kwake kupelekwa ushago kunaweza kuwa wokovu wa kweli, iwapo huko anakokwenda kuna mtu anayemtaka na kazi ya kufanya. Vinginevyo hurudi baada ya miezi miwili akiwa na hasira zaidi. Watu wa mashirika ya haki mitaani, pamoja na mashirika ya zamani kama Undugu Society, iliyoanzishwa 1973 na Padri Arnold Grol kwa ajili ya watoto wa mitaani, wana uzoefu wa njia za kutokea ambazo mzazi mmoja hawezi kuzijua.

Jambo la tatu, na gumu kuliko yote kwa wazazi, ni kumwachia kijana uamuzi wake. Aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima kisheria. Msaidizi anaweza kuuliza: ukichagua hili, Desemba utakuwa wapi, likikwama, utamwendea nani, ni lipi ukilikosa litakuuma zaidi? Anaweza kusema wazi anachokihofia. Baada ya hapo, achie. Kijana aliyechaguliwa kozi na babake huiacha muhula wa pili, na lawama hubaki kwa baba miaka kumi. Aliyechagua mwenyewe akakosea hurudi kuuliza ushauri tena, na huko kurudi ndiko mzazi anakokuhitaji. Kwa walio chini ya miaka 18, mipaka ni mingine: kukiwa na dhuluma, ya kingono au ya kipigo, hakuna suala la kumwachia mtoto aamue kama itaripotiwa. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda, na kuinyamazia dhuluma hiyo ili kutunza jina la familia ni kumsaliti.

Kama watu wa kawaida wanaweza kazi hii ni swali lililokwisha kujibiwa Afrika. Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza nao juu ya matatizo yao, moja baada ya jingine. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliopitia benchi hizo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hapa Kenya, shirika la Shamiri, lililoanzishwa na Tom Osborn na wenzake, liliwatumia vijana waliomaliza shule kuongoza vikao vinne vya saa moja moja na wanafunzi wa sekondari, kuhusu imani kwamba mtu anaweza kubadilika, kuhusu shukrani, na kuhusu maadili anayoyathamini. Majaribio yenye wanafunzi 413, yaliyochapishwa 2021, yalionyesha kuwa dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Vikao vinne. Viongozi wake walikuwa wakubwa kidogo tu kuliko wanafunzi wao, na walifunzwa na kusimamiwa vizuri. Neno la kushikilia hapo ni kusimamiwa, kwa sababu mtu wa kawaida anayebeba siri za wengine bila wa kumtegemea huchoka, na akichoka huanza kuhubiri.

Eastlands ina watu wa kufunzwa tayari. Kuna makocha wa MYSA, chama cha michezo kilichoanza Mathare mwaka 1987, na wa timu zinazochezea Camp Toyoyo kule Jericho, ambao hugundua kabla ya mzazi kwamba mchezaji ameacha kuja mazoezini. Kuna wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa vifaa na kuwatuma nyumba kwa nyumba nchini kote mwaka 2023, na ambao kila mmoja anajua ni mlango upi umefungwa siku tatu. Kuna mapadri, wachungaji na maimamu, ambao wengi wao ndio wa kwanza kuendewa, na ambao wangefanya mema makubwa kwa kuomba pamoja na kijana kisha kumpeleka kliniki juma hilohilo. Kuna akina mama waliopoteza wana wao kwa risasi, ambao wameunda mtandao wao na kufarijiana. Na kuna vijana wa maskani wenyewe. Pale kwenye jiwe ambapo wazazi huona uvivu, ndipo mara nyingi mtu husema ukweli wake wa kwanza, na rafiki aliyefunzwa mambo machache tu, yaani kutocheka, kutoeneza, na kumshirikisha mtu mzima maisha yanapokuwa hatarini, anaweza kuokoa mtu.

Kinachokosekana zaidi ni mahali. Baadhi ya kumbi za kijamii za mitaa ya kale bado zimesimama. Serikali ya Kaunti ya Nairobi ina wajibu wa kisheria na ina majengo. Ukumbi mmoja katika kila kundi la mitaa, wenye chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, mshauri aliyehitimu anayekuja siku zinazojulikana, na wasaidizi wa mtaani waliofunzwa chini yake, ungemfikia kijana wa Maringo, Dandora au Kayole bila nauli na bila kuonekana akishuka kwenye lango la Mathari. Januari, matokeo ya KCSE yanapotoka, vyumba hivyo vifunguliwe kila siku kwa mwezi mzima. Wawakilishi wa wadi wanaopitisha bajeti kila Juni wapewe ombi hilo kwa maandishi, na wakazi wafuatilie jibu.

Wakati huo ukingojewa, simu zipo. Childline Kenya hupokea simu kupitia 116 bila malipo kwa jambo lolote linalomhusu mtoto. Msalaba Mwekundu hutoa ushauri nasaha kupitia 1199. Waathiriwa wa dhuluma za kijinsia hupiga 1195, na NACADA husaidia wenye matatizo ya pombe na dawa za kulevya kupitia 1192. Befrienders Kenya huwasikiliza watu wanaofikiria kujiua. Kila mwenye ploti na aziandike namba hizo kwa rangi kwenye ukuta wa lango, pale ambapo kwa kawaida huandikwa kwamba kodi mwisho ni tarehe tano.